Vile unaweza kumshikisha mtu kitabu unachokipenda mpaka akimalize

Kumwambia mtu "hiki kitabu ni kitamu sana, kitafute usome" haisaidii, kila mtu ashaambiwa hivyo na kila mtu ashaitikia "sawa nitasoma" halafu basi. Mimi napenda kupitisha vitabu kwa watu hapa Kisumu, majirani, watu wa chama, hata wa boda pale steji, na kwangu hakuna raha kama mtu kukusimamisha barabarani akiwa na hasira kwa sababu ya kitu mhusika fulani amefanya. Ukitaka kufika hapo fanya hivi.

Kwanza weka kitabu kando umjue mtu. Usimuulize anapenda kusoma nini, atakwambia yeye si mtu wa kusoma na hapo umeshindwa. Muulize anapenda stori gani. Kuna mama huuza nguo soko la Kibuye, huyo ukimpea nafasi atakueleza ukoo wao wote, nani aliolewa wapi, mahari ilikuwa ng'ombe wangapi, nani alirudi nyumbani na kwa nini. Huyo nilimpea The River and the Source ya Margaret Ogola, ya 1994, inaanza na Akoko binti wa chifu huku Nyanza enzi za kina nyanya wa nyanya zetu halafu inafuata mabinti na wajukuu mpaka maisha ya mjini ya juzi juzi. Sikumwambia imeshinda tuzo wala nini, nilimwambia kuna msichana hapa babake aliitisha mahari ya ng'ombe thelathini na watu wakashika vichwa. Ikatosha.

Halafu kuna wale waliuliwa hamu na mtihani. Hawa ni wengi jamani. Mtu alisoma riwaya akiwa fomu foo akitafuta maudhui na tamathali za usemi, mwalimu amesimama mbele, sasa akiona kitabu anaona swali la alama ishirini. Mwambie arudie kitabu kama hicho sasa hivi, pole pole, bila kalamu mkononi. Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, ya 1996, ni nzuri kwa hii kazi, kijana anaitwa Kongowea Mswahili anatoka Tanga mpaka Kitale kumtafuta babake, na mtu wa huku akifika mahali Kitale inatajwa anachangamka kabisa maana ni kwao ama kwa shemeji yake.

Lugha pia iangalie. Mzee amesoma Biblia ya Dholuo miaka yote na anasoma bila kukwama, kwa nini umletee Kizungu? Grace Ogot aliandika Miaha kwa Dholuo, 1983, ukiipata popote ishike usiachilie.

Sasa ile siku ya kupeana, peana kitabu kimoja. Kimoja tu! Ukimtumia orodha ya kumi kwa WhatsApp hatasoma hata kimoja. Mletee chenyewe mkononi, kifungue ukurasa uliokushika wewe, msomee nusu ukurasa kwa sauti hapo hapo halafu unyamaze, usimalizie, usiseme nani anakufa. Na kama kinaanza kwa uvivu mwambie ukweli, "vumilia mpaka chapta ya tatu hapo ndio moto unaanza," maana asipoambiwa ataacha chapta ya pili akidhani shida ni yeye. Mwonyeshe na saa ya kusoma pia, matatu ikingoja kujaa kwa steji unaweza kukaa saa nzima umeangalia foni tu, hizo ni kurasa ishirini ama zaidi.

Ukishapeana usimfuate fuate. Kumuuliza "umefika wapi" kila siku ni kama kumdai deni na ataanza kukukwepa. Ngoja mkutane, muulize kuhusu mtu aliye ndani, "huyo mume unamwonaje?" Akiwa amefika hapo hamtaachana mapema, akiwa hajafika ataenda kutafuta ni mume gani.

Vitabu kupotea hapo ndipo watu wengi hukata tamaa. Andika jina na namba ndani ya kava, vika nailoni kwa sababu mvua ya jioni huku haibishi hodi, na uwe na daftari ya nani amebeba nini. Dawa kubwa ni kubadilishana, nikikupa changu nipe chako, kila mtu anarudisha haraka maana anataka chake. Ukinunua vya mitumba hesabu kurasa za katikati na za mwisho kabla hujalipa. Na hivi vya kutoa kopi kimagendo, maandishi yamefifia, wacha hivyo, mwandishi hapati hata shilingi.

Mkishakuwa wanne watano chagueni Jumapili moja mchana, kila mtu aje na kitabu kimoja aseme dakika mbili tatu kwa nini kilimshika, msiweke mwenyekiti na msiweke hotuba, na watoto waacheni wakuje. Mtu akisema kile ulipenda hakikumfurahisha mwache aseme kwa nini, sikiliza vizuri, hapo ndio utajua cha kumletea wiki ijayo. Na yeye akikupa chake anza nacho hiyo hiyo usiku kabla ya vyako vyote.