Kabla ya Kununua Mota: Namna ya Kupanga Droni ya Mradi wa Chuo

Mwanafunzi wa uhandisi anayeleta andiko la mradi wa droni kwa kawaida huanza na kazi atakayoipa: itabeba kilo 2 za dawa, itanyunyizia shamba, itapiga picha za msitu mzima. Mwongozo huu unamtaka aanze mezani, akiwa na karatasi na mizani ya jikoni, kwa sababu mipaka ya chombo hicho huwekwa na uzito na betri muda mrefu kabla hajaandika mstari wowote wa programu.

Andika uzito wa kila kitu kitakachopanda hewani: fremu, mota nne, vidhibiti mwendo vya mota, propela, betri, kamera, waya, skrubu na gundi. Hivyo vya mwisho ndivyo vinavyosahauliwa. Kundi moja nililolisimamia lilipanga droni ya kilo 1.2, na siku ilipowekwa kwenye mizani ikasoma kilo 1.5, sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa ni waya mnene walioukata mrefu ili usije ukapungua.

Tuichukue hiyo hiyo ya kilo 1.5, yenye propela nne za inchi 10. Kwa hesabu ya fizikia peke yake, inahitaji takriban wati 80 ili ining'inie hewani bila kupanda wala kushuka, lakini mota, vidhibiti na propela hupoteza karibu nusu ya umeme unaoingia, kwa hiyo betri italazimika kutoa wati 160 hivi. Betri ya lithiamu-polima ya seli 4, yenye volti 14.8 na ampea-saa 5, ina wati-saa 74. Usitumie zaidi ya asilimia 80 yake, maana seli inayoshushwa mno huvimba na kufa mapema, nawe utabaki na wati-saa 59. Gawanya 59 kwa 160, zidisha kwa 60, na jibu ni dakika 22. Hizo ni dakika za ukumbini kusiko na upepo. Kwenye andiko la mradi ahidi 15.

Hapo ndipo wengi husema waongeze betri ya pili. Betri hiyo ina uzito wa gramu 500 hivi, kwa hiyo droni inafika kilo 2. Uzito umepanda kwa theluthi, ilhali umeme unaohitajika umepanda kwa zaidi ya nusu, hadi wati 246 hivi, kwa kuwa mahitaji ya kuning'inia hukua haraka kuliko uzito wenyewe. Umelipia betri mbili, umepata dakika 29. Ukifunga ya tatu utafika 31, yaani fedha za betri nzima kwa dakika 2, huku mota zikichemka.

Msukumo nao una hesabu yake. Mota zote kwa pamoja, zikifunguliwa hadi mwisho, ziweze kuinua angalau mara mbili ya uzito wa droni, la sivyo haitakuwa na akiba ya kujinyoosha upepo unapoipiga ubavuni. Jedwali la muuza mota huwa limepimwa kwa hewa nzito ya maeneo ya chini. Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa, na kwa mzunguko uleule wa propela msukumo hupungua kwa kiasi hicho hicho. Droni iliyopita majaribio pwani kwa shida, huko juu itashindwa.

Ikiwa kazi yenyewe ni umbali, achana na propela nne za kuinulia na ujenge ndege yenye mabawa, kwa kuwa bawa hubeba uzito kwa umeme mdogo sana. Gharama yake ni uwanja: haining'inii, na inahitaji nafasi ya kurushwa na kutua.

Ubongo wa chombo hauna haja ya kubuniwa upya. Pixhawk, kidhibiti cha urukaji kinachotumika leo duniani kote, kilianza kama mradi wa wanafunzi wa ETH Zurich nchini Uswisi, na programu zake ziko wazi kwa yeyote. Kosa la kawaida liko kwenye ufungaji. Dira yake husumbuliwa na sumaku inayotokana na waya wa betri, kwa hiyo ipandishe juu ya kijiti, mbali na waya huo. Wala usirekebishe usomaji wa dira hiyo juu ya sakafu ya zege yenye nondo au kando ya gari. Kidhibiti chenyewe kilaze juu ya sponji nyembamba, kwani mtikisiko wa propela ambayo uzito wa pande zake haulingani hukifanya kiamini kwamba droni inapanda wakati imetulia.

Rimoti ya masafa ya gigahezi 2.4 inataka kuona chombo. Jengo au safu ya miembe ikikatiza, mawasiliano hukatika. Weka mapema amri ya droni kurudi yenyewe ilikorushwa mawasiliano yakikatika, na kimo chake kizidi mti mrefu kuliko yote uwanjani. Kibali cha kurusha nacho kiombwe mapema kwa mamlaka ya usafiri wa anga: TCAA nchini Tanzania au KCAA nchini Kenya.

Majaribio yote ya mezani yafanywe propela zikiwa zimevuliwa. Safari ya kwanza iwe ya kuning'inia tu, mita 2 juu ya nyasi, kwa dakika 5 kamili, kisha shusha, acha betri ipoe, uichaji na usome ni kiasi gani chaja imerudisha. Kwa hesabu yetu inapaswa kuwa miliampea-saa 900 hivi. Chaja ikionyesha 1,200, basi dakika zako 22 ni 17 tu, na andiko la mradi lirekebishwe usiku huo huo.