Kuimarisha maungio ya kenchi ndefu za mbao

Kiungo cha kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, kikianza kufunguka, wengi hukimbilia kuongeza boliti. Lakini mara nyingi iliyoshindwa ni mbao: imepasuka kufuata nyuzi zake, na tundu jipya likitobolewa ovyo ufa unaendelea.

Hatua ya 1: Kagua. Panda na tochi na bisibisi. Anza na mbao ya chini, hasa pale vipande vilipoungwa, kwa sababu mbao hiyo huvutwa na kiungo peke yake ndicho kinachoizuia isiachane. Tafuta nyufa zinazotoka kwenye boliti kuelekea ncha ya mbao, nati zilizolegea na washa (vibati vya duara chini ya nati) zilizozama. Bisibisi ikizama kirahisi, mbao imeoza. Ziba kwanza panapovuja, kisha ukate sehemu hiyo na kuibadilisha.

Hatua ya 2: Ondoa mzigo. Kazi nyingi huharibikia hapa. Ukifunga bamba la chuma la kuimarisha kiungo wakati kenchi imebeba paa lote, bamba litakaa kama pambo mpaka kiungo kiteleze tena. Simamisha nguzo za muda chini ya viungo, kamwe si katikati ya viungo viwili, ufunge kenchi isilale ubavu, kisha uinue kwa jeki kidogo kidogo. Usipitilize: mbao iliyozoea kuvutwa itaanza kubanwa. Mahali pa nguzo na kiasi cha kuinua apange mhandisi.

Hatua ya 3: Shona ufa kwa skrubu ndefu zenye uzi mwili mzima, zikiingia kukatisha nyuzi za mbao. Gundi peke yake siiamini kwenye ufa wa zamani wenye vumbi.

Hatua ya 4: Panga matundu kwa penseli kabla ya kugusa drili. Tuchukue boliti za mm 16 kwa vipimo vya Eurocode 5, kanuni za Ulaya za ujenzi wa mbao. Kutoka ncha inayovutwa hadi boliti ya kwanza ni mara 7 ya kipenyo, yaani mm 112. Boliti hadi boliti kufuata nyuzi, mm 80. Kutoka ukingo wa pembeni, mm 48. Kati ya safu na safu, mm 64. Sasa jumlisha: safu mbili zinataka upana wa mm 160 (48 + 64 + 48), kwa hiyo mbao ya mm 150 haizibebi. Tumia safu moja na bamba refu zaidi, hata kama safu mbili zinapendeza macho.

Hatua ya 5: Bana mabamba pande zote mbili, toboa, funga. Tundu la mbao lisizidi boliti kwa zaidi ya mm 1, la sivyo kiungo kitateleza kabla ya kushika. Nati ikikaa juu ya mbao yenyewe, weka washa ya kipenyo cha mm 48 na unene wa mm 5.

Shusha jeki taratibu kama ulivyoinua. Mbao mbichi hunywea ikikauka na kulegeza nati, kwa hiyo rudi ukaze. Piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Mistari ikiachana, nati imezunguka.