Kuchora picha ya sura ya kiganjani kwa mtindo wa Malbone, bila pembe ya ndovu

Edward Greene Malbone, mzaliwa wa Newport, Rhode Island, alifariki mwaka 1807 kabla hajatimiza miaka 30. Kwangu mimi, hakuna Mmarekani aliyemfikia katika kazi hii ya kuchora sura za watu, ndogo za kuenea kiganjani, kwa rangi za maji juu ya vipande vyembamba vya pembe ya ndovu. Nyuso alizochora zinang'aa mpaka leo kwa sababu mwanga wa ngozi hautoki kwenye rangi nyeupe, unatoka kwenye pembe yenyewe iliyoachwa ionekane chini ya rangi. Hatua zote zinazofuata ni za kuulinda mwanga huo.

Pembe yenyewe tuiache. Katika karne ya 19, sehemu kubwa ya pembe zilizokatwa katika viwanda vya Connecticut ilipitia Zanzibar, baada ya kubebwa mabegani na wapagazi na watumwa kutoka bara. Plastiki nyeupe inayopitisha mwanga kidogo, isiyozidi unene wa milimita moja, inatosha kabisa.

Hatua ya 1: Uso wa kuchorea. Kata kipande cha umbo la yai chenye urefu wa sentimita 7 hivi. Kisugue kwa msasa laini kabisa, kwa mizunguko midogo, bila kukandamiza, mpaka kisiwe na mng'ao. Wachoraji wa zamani walitumia unga wa pamisi (jiwe jepesi la volkano) kuondoa alama za msumeno na mafuta ya pembe. Kisha futa kwa pamba yenye spiriti, na tangu hapo shika kingo tu. Ukigusa katikati, mafuta ya kidole yataikataa rangi: mstari utakusanyika na kuwa matone.

Hatua ya 2: Mchoro. Chora sura kwenye karatasi, weka kipande juu yake, mistari itaonekana. Ifuatishe kwa brashi yenye rangi ya kahawia nyepesi mno. Usitumie penseli, kwani unga wake hunasa kwenye mikwaruzo na kuchafua rangi ya ngozi.

Hatua ya 3: Rangi. Oka ya njano (njano ya udongo), sienna iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), nyekundu ya udongo, ultramarini (buluu iliyokolea) na waridi moja. Epuka karmini, ile nyekundu ya zamani, maana hupauka kwa mwanga. Sura nyingi za zamani zinaonekana kama za wagonjwa kwa sababu wekundu wa mashavu umekwisha toka. Chukua waridi ya kwinakridoni, rangi ya kisasa isiyopauka upesi. Tia tone la gundi ya mgunga kwenye maji ili rangi ishike. Ukizidisha, itapasuka ikikauka.

Hatua ya 4: Uso wa mtu. Hapa ndipo penye kazi. Anza na vivuli: buluu ya kijivu chini ya kidevu, kwenye mashimo ya macho, ubavuni mwa pua. Usipake kwa mapana. Weka mistari mifupi na myembamba inayofuata mviringo wa shavu, iache ikauke, kisha pitisha mingine kwa mshazari juu yake. Plastiki, kama pembe, hainywi rangi. Rangi inakaa juu tu, na brashi yenye maji mengi huing'oa ile ya chini. Kwa hiyo igusishe brashi kwenye kitambaa kwanza, pita mara moja, hamia kwingine.

Brashi iwe namba 1 au 2 ya manyoya halisi, yenye ncha kali. Zile ndogo kupita kiasi hukaukiwa kabla hazijafika kwenye kazi.

Paji la uso na ncha ya pua karibu usiviguse. Mtazame Sarah Goodridge, mchoraji wa sura ndogo wa Boston, ambaye mwaka 1828 alijichora kifua chake mwenyewe kwenye kipande cha sentimita 6.7 kwa 8, sasa kiko Metropolitan Museum, New York. Penye mwanga mkali zaidi, pembe ndiyo ngozi.

Mstari ukiharibika, unyanyue kwa brashi nyevu. Rangi ikishakauka kabisa, ncha ya sindano inakwangua vizuri: ndivyo unavyopata nuru ya jicho na unywele mmoja mmoja.

Hatua ya 5: Nguo. Sasa unaweza kutumia nyeupe nzito kwenye kola, vifungo na kitambaa cha shingoni. Uzito huo ukikaa jirani na uso mwepesi, ngozi inazidi kuonekana hai. Mandhari ya nyuma ijaze kwa mistari ileile ya kupishana, hafifu.

Hatua ya 6: Fremu. Weka karatasi nyeupe safi nyuma ya kipande. Zungushia ukingo wa kadi nyembamba ili kioo kisiguse rangi. Ziba kingo zote kwa utepe wa karatasi, hasa ukiwa Pwani, kwa sababu gundi ya mgunga huvuta unyevu na kuota ukungu. Usiitundike panapopigwa na jua.