Namna ya kufuatilia historia ya lango la mji lililobomolewa: mfano wa Aldgate, London

Anza na mwisho wake. Kabla ya kuuliza nani alilijenga, jua lango lilibomolewa mwaka gani na kabla ya hapo lilijengwa upya mara ngapi. Aldgate, lango la mashariki la London kwenye barabara ya kwenda Colchester, lilibomolewa 1761. Lakini kilichoangushwa mwaka huo hakikuwa lango la zama za kati, kwa sababu hilo lilikwisha kuvunjwa na jipya kujengwa kati ya 1607 na 1609. Mchoraji wa miaka ya 1700 alichora alichokiona, yaani jengo jipya. Kosa hili ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko yote, kwa hiyo kila picha unayoipata iandikie mwaka wake pembeni kabla ya kuitumia.

Kwa mnara wa lango la zamani, tegemea waliouona. John Stow, mwanahistoria aliyechapisha maelezo yake ya London 1598, anasema lango lilikuwa na jozi mbili za milango, ikabaki moja, ila vyuma vya kuning'inizia ile nyingine vilikuwa bado ukutani. Vizuizi vya kuteremshwa kutoka juu navyo vilikuwa viwili. Kimoja kilishaondoka, lakini mahali kilipokuwa kikishukia palionekana. Soma maelezo ya namna hii polepole, kwani yanakupa mpangilio wa jengo. Kisha yalinganishe na mchoro wa John Symonds wa mwishoni mwa karne ya 16, unaoonyesha lango kwa ramani ya sakafu.

Baada ya hapo ingia kwenye kumbukumbu za mji. Muhtasari wa vitabu vya barua vya London, yaani madaftari ya kumbukumbu za serikali ya mji, unasomeka bure kwenye intaneti. Humo kuna mkataba wa 1374 ambao Meya na madiwani walimpangisha mshairi Geoffrey Chaucer makazi yaliyo juu ya Aldgate pamoja na ghala la chini ya ardhi, maisha yake yote. Alitakiwa kuyatunza na asimpangishe mtu mwingine. Mji ulibaki na haki ya kuingia wakati wa kuulinda, ukaahidi kutoligeuza lango kuwa jela akiwa hai. Masharti kama haya yanaeleza matumizi ya mnara vizuri kuliko sifa za wasafiri.

Tarehe zina mitego miwili. Nyaraka huhesabu miaka ya mfalme: Edward III alianza kutawala 25 Januari 1327, na huo ndio mwaka wake wa kwanza. Mwaka wa 48 basi unaanza 25 Januari 1374. Ukijumlisha 48 na 1327 utaangukia 1375, umekosea mwaka mzima. Pili, hadi 1752 mwaka wa kisheria Uingereza ulianza 25 Machi, hivyo “Februari 1606” kwenye karatasi kwetu ni Februari 1607.

Kupata mahali penyewe, chukua ramani ya Ogilby na Morgan ya 1676. Inchi moja ya ramani ni futi 100 ardhini, yaani 1:1200. Ioanishe na ramani ya leo kwa programu ya ramani kama QGIS, ukitumia alama nne au zaidi zilizotawanyika. Chagua makanisa yaliyonusurika moto mkubwa wa London wa 1666: St Olave Hart Street, St Andrew Undershaft, St Katharine Cree, St Helen. Usitumie St Botolph Aldgate ingawa ndilo la karibu zaidi, kwani lilijengwa upya miaka ya 1740 na kugeuzwa mwelekeo. Alama zikiwa upande mmoja tu, upande wa pili wa ramani utavutika.

Ukifika mtaani, fuata mitaa yenyewe. Houndsditch inafuata handaki la nje, Duke's Place inapita ndani ya ukuta. Mwisho tafuta mauzo ya vifaa vya ubomoaji, maana vipande vilihama: sanamu ya Elizabeth I ya 1586 kutoka lango la Ludgate iko leo kanisa la St Dunstan-in-the-West, Fleet Street.