Namna ya kumtembeza mzazi Lamu: anza na maji, kisha magoti yake

Nimempeleka mama Lamu mara tatu. Mara ya kwanza niliipanga safari kama vile nakwenda na vijana wenzangu, na yeye ndiye aliyeumia. Tulifika gati la Mokowe, upande wa bara, saa 5 asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Maji yalikuwa yamepwa kabisa, ngazi za chini zimebaki wazi, za kijani kwa mwani. Mama aliteleza akingali na mkoba mkononi, akadaka kamba ya mashua, kiganja kikachubuka. Ana miaka 68 na magoti yake hayapindi vizuri. Haya nayaandika kwa yeyote mwenye mzazi wa umri huo.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kabla ya kukata tikiti. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari huwa ya bamvua: hujaa sana, hupwa sana. Siku hizo pwani yetu hujaa karibu saa 10 na kupwa karibu saa 4, mchana na usiku. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa dakika kama 50. Kati ya bamvua na bamvua kuna maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Mimi sasa huchagua siku za maji mafu kwa kuingia na kutoka, kwa sababu mashua haikai chini sana ya gati na mzee hashuki ngazi nyingi zenye utelezi.

Hatua ya 2: Chagua njia. Ukiwa na uwezo, mpandishe ndege hadi kisiwa cha Manda, kisha mvuke mkondo kwa boti. Kwa basi kutoka Mombasa, msiunge safari moja kwa moja; laleni Malindi, asubuhi mwendelee kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe. Kabla ya kuondoka ulizia hali ya barabara na usalama kwa wenyeji. Gatini, usimwache mzazi ashuke huku akivutwa na watu watatu. Mwambie nahodha mapema kwamba una mzee, ushuke wewe kwanza, kisha yeye ashike bega lako.

Hatua ya 3: Uliza chumba kiko ghorofa ya ngapi. Nyumba za mawe za mji wa kale ni ndefu kwenda juu na ngazi zake ni za kupanda kama mnazi. Tuliahidiwa chumba cha chini, tukapewa cha juu kabisa, na siku hiyo mama alikula chakula cha jioni kitandani. Sasa hupiga simu nikauliza maswali mawili tu: ngazi ngapi hadi kitandani, na choo kiko wapi.

Hatua ya 4: Mji mtembee asubuhi, kwa vituo. Tokeni saa 1, jua likiwa bado pole. Fuateni Usita wa Mui, njia kuu inayokwenda sambamba na pwani, na kila mnapokuta baraza yenye kivuli, kaeni. Mabaraza yalijengwa kwa ajili ya kukaliwa. Msalimie mwenye nyumba kwanza. Mkisikia kwato nyuma, jibanzeni ukutani, maana punda aliyebeba mawe hapishi mtu.

Ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 ina ua mpana. Mzazi anaweza kubaki chini huku wewe ukipanda. Ila ukiwa na nguvu ya mahali pamoja tu, mpeleke kwenye ile nyumba ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho. Mama alisimama mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, akapitisha kidole kwenye chokaa iliyochongwa, akaanza kunihadithia sahani za bibi yake zilizokuwa zikipangwa vivyo hivyo. Tulikaa humo saa nzima. Sijawahi kuyasikia maneno hayo nyumbani.

Hatua ya 5: Mwache yeye achague chakula. Vijana hukimbilia kamba mkubwa pwani. Mama zetu wanajua zaidi. Asubuhi ni mahamri yenye iliki na mbaazi za nazi. Mkipata mkate wa mofa ungali moto, nunueni. Ni wa mtama, huokwa kwa kubandikwa ndani ya tanuri la udongo, na ukipoa huwa mgumu kwa meno ya mzee, basi uchovyeni kwenye mchuzi.

Mchana ni samaki wa kupaka na wali wa nazi. Angalia tui: likiwa zito na limeshika samaki bila kutiririka, hapo pana mpishi. Mzazi mwenye presha mwepushe na achari na ng'onda (samaki mkavu wa chumvi), na mwenye sukari mwombee juisi ya ukwaju isiyotiwa sukari kabla haijachanganywa.

Alasiri, viazi karai. Mama alipewa kigoda kando ya karai, akamtazama dada mmoja akichovya kiazi kwenye ujiuji wa unga wenye manjano, akikiachia mafutani polepole kisirushe.

"Mwanangu," mama alimwuliza, "huu ukwaju wa kuchovyea umeutia nini?"

"Embe bichi, mama. Kidogo tu, nimeliparuza."

Mama alilamba kidole, akanyamaza, akaomba tena. Sisi nyumbani sasa tunautia embe.

Hatua ya 6: Siku ya mwisho, Shela au Takwa, si zote mbili. Kijiji cha Shela kwa miguu ni karibu saa nzima kwa mwendo wa mzee. Nendeni kwa boti, mkae mchangani, mrudi. Takwa, magofu ya mji wa karne ya 15 hadi 17 kisiwani Manda, hufikiwa kupitia mkono wa bahari ndani ya mikoko, na lazima maji yawe yamejaa. Ondokeni maji yakiwa bado yanapanda, ili yasiwapwee huko mkakwama kwenye matope. Kuna msikiti mkubwa na kaburi la mnara ambalo watu wa Shela huliendea kuomba mvua. Bebeni maji ya kunywa, kofia na dawa ya mbu.

Hatua ya 7: Kurudi. Halua inunuliwe asubuhi ya kuondoka, ifungwe vizuri isivuje mafuta kwenye mkoba. Mama hununua ratili mbili: moja ya majirani, na moja huila njiani, kipande kwa kipande, kabla hatujafika Witu.