Somo: Sensa ya mwamba wa matumbawe, hatua kwa hatua

Tumbawe ni mnyama. Naanzia hapo kwa sababu wengi wanaoanza kazi hii bado wanalitazama kama jiwe lenye rangi nzuri. Kila tumbawe ni kundi la polipu, vijinyama laini vilivyo jamaa ya yavuyavu, kila kimoja kina mdomo wake na minyiri yake midogo. Ndani ya nyama zao hukaa mwani wa seli moja unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na mwani huo unaweza kulipatia tumbawe hadi asilimia 90 ya nguvu linazohitaji. Chini yao polipu hujenga chokaa, na chokaa hiyo ndiyo mwamba. Miamba hii haifiki asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini takriban robo ya spishi za baharini huitegemea katika kipindi fulani cha maisha yao.

Sasa, mwamba haushikiliwi na matumbawe peke yake. Unashikiliwa na samaki wanaokula mwani juu yake, kaa wanaoulinda, majongoo bahari wanaosafisha mchanga. Ukipima matumbawe tu utagundua msiba ukiwa umeshatokea. Ukihesabu na hao wengine, mara nyingi utauona ukija. Ndiyo maana nawafundisha sensa. Njia ninayoeleza inafuata kwa karibu ile ya Reef Check, mpango wa kimataifa wa kupima miamba, iliyoanza kutumika mwaka 1997 na iliyokusudiwa watu wa kawaida waliopata mafunzo, si wanasayansi pekee.

Hatua ya 1: Chagua mstari wako na usiuhame

Utahitaji mstari wa mita 100 unaofuata kina kimoja, kati ya mita 2 na 6, au kati ya 6 na 12. Chukua kwa GPS vipimo vya mahali pa mwanzo na mwisho, kisha tafuta alama mbili za nchi kavu zinazokaa mstari mmoja ukiwa juu ya mahali pako. GPS huishiwa betri, alama za nchi kavu haziishiwi.

Hapa nitasema jambo linaloniuma mpaka leo. Mwaka wangu wa pili nilisogeza tepu kama mita 30 hivi, kwa sababu upande ule matumbawe yalikuwa yamependeza zaidi. Hesabu ilipanda. Kwa mwaka mzima niliamini mwamba unapona, na nikawaambia wengine hivyo. Haukuwa unapona. Kipande kizuri kipimwe, lakini kipimwe kama mstari mpya wenye jina lake.

Fanya kazi saa zile zile za siku na katika hali ile ile ya maji kila unaporudi. Mimi hupendelea maji mafu, wakati mkondo haukusukumi.

Hatua ya 2: Vifaa

Tepu ya mita 100, kibao cha kuandikia chini ya maji na penseli mbili, miwani na mrija, au mtungi wa hewa kama una cheti cha kuzamia, fimbo ya mita 2.5, na nati ndogo ya chuma iliyofungwa kwenye uzi. Vaa fulana ya mikono mirefu badala ya kujipaka dawa ya jua kila mahali. Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, imekataza baadhi ya kemikali za dawa hizo tangu 2020 kwa kuhofia zinadhuru matumbawe, na fulana inakinga vizuri tu. Usiingie majini peke yako.

Hatua ya 3: Tandaza tepu, kisha subiri

Tepu isivutwe juu ya matawi. Ipitishe taratibu kati yake, na miguu yako iwe juu zaidi ya kichwa ili mapezi yasivunje kitu. Ukimaliza, ondoka kwenye mstari ukae kando dakika 15. Wengi huruka hatua hii na kwa kuiruka wanaharibu hesabu ya samaki, maana samaki waliotishika hawajarudi bado.

Hatua ya 4: Samaki kwanza

Mstari unagawanywa vipande vinne vya mita 20, na kati ya kipande na kipande unaacha mita 5. Unahesabu upana wa mita 2.5 kila upande, na ndiyo kazi ya ile fimbo. Ogelea mita 5, simama, hesabu, songa tena.

Usijaribu kuhesabu kila samaki. Hesabu wale wenye habari ya kukupa: vipepeo, pono, chewa, mlea, mikunga. Vipepeo wengi hula polipu zenyewe, kwa hiyo wakipungua uliza matumbawe yana hali gani. Chewa wakubwa wakipotea, uliza wavuvi.

Kwa pono nawaomba mtulie kidogo. Pono ana meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, na ukikaa kimya utamsikia akikwangua: krr, krr, kama mtu anayekuna sufuria. Anachokwangua ni mwani pamoja na chokaa. Chokaa huitafuna, na inatoka nyuma ikiwa mchanga mweupe. Yule mkubwa mwenye nundu kichwani, Bolbometopon muricatum, hula zaidi ya tani 5 za chokaa ya mwamba kwa mwaka. Kila alama ya meno anayoacha ni mahali pasafi ambapo lava wa tumbawe, yaani kitoto chake kinachoelea majini, anaweza kutua.

Kosa la kila mwanafunzi ni kuhesabu pono wa bluu na kijani peke yao. Wengi wa hao ni madume. Katika spishi nyingi pono huanza maisha akiwa jike, mwenye rangi ya kahawia au kijivu isiyovutia jicho, na baadaye wengine hubadilika kuwa dume. Usipowaona wale wa kahawia, umewaacha majike nje ya sensa.

Hatua ya 5: Wasio na uti wa mgongo

Rudi mwanzo wa tepu, sasa ukitazama chini na ndani ya mianya. Hesabu kamba-koche (mara nyingi utaona papasi zake tu zimechungulia), majongoo bahari, chaza wakubwa wa Tridacna, viti vya pweza vyenye miba mirefu (nyota wa baharini wanaokula matumbawe), na ile mipira myeusi ya miba iitwayo Diadema.

Hiyo Diadema usiidharau kwa sababu inachoma; nayo hula mwani. Mwaka 1983 na 1984 ugonjwa uliua zaidi ya asilimia 90 ya Diadema katika Karibi. Tayari samaki walao mwani walikuwa wamevuliwa sana sehemu nyingi, kwa hiyo hakubaki wa kuula, na mwani ukafunika miamba iliyokuwa na matumbawe. Mwaka 2022 wakafa tena kwa wingi huko huko, na watafiti wakamkuta kijidudu cha seli moja kuwa ndicho chanzo.

Kisha chagua tumbawe moja la matawi mafupi, la aina ya Pocillopora, uchungulie katikati ya matawi yake bila kuligusa. Ukiwa na bahati utaona kaa mdogo wa Trapezia, hazidi ukucha wa kidole gumba, amekutolea magando. Huyo ni mlinzi. Kiti cha pweza chenye miba kikija kula tumbawe lake, humfinya miguu yake laini mpaka ageuze njia. Hayumo katika orodha rasmi ya kuhesabiwa, lakini mimi humwandika pembeni kila mara.

Hatua ya 6: Kilicho chini ya tepu

Kila nusu mita, dondosha nati kutoka kwenye tepu na uandike kile ilichogusa: tumbawe gumu, tumbawe laini, tumbawe lililokufa karibuni, mwani, sifongo, mwamba mtupu, vifusi, mchanga au tope. Kwa nini nati? Kwa sababu jicho hupenda uzuri. Likiona tumbawe sentimita 5 kutoka kwenye alama, litakushawishi kuliandika. Nati haina upendeleo.

Kwa vipande vinne utapata alama 160. Tuseme nati imegusa tumbawe gumu mara 56: gawanya 56 kwa 160, zidisha kwa 100, unapata asilimia 35.

Hatua ya 7: Rangi

Tumia chati ya rangi za matumbawe, yenye namba kwa kila rangi, ya CoralWatch, mradi ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2002. Chagua matumbawe 20 bila kubagua, na kwa kila moja andika namba ya sehemu iliyokoza zaidi na iliyofifia zaidi. Ncha za matawi ziache, kwa kawaida ni nyeupe kwa sababu zinakua.

Hatua ya 8

Nakili kibao siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Kesho hutakumbuka kama ile ilikuwa 3 au 8.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Nimekuta tumbawe la matawi jeupe kama karatasi. Limekufa?*

Marahaba. Sogea mpaka umbali wa mkono, usiguse. Kama limepauka tu, bado lina ngozi: utaona mng'ao laini juu yake, na ndani ya vikombe vidogo minyiri myembamba inayoonyesha upande wa pili kama kioo. Mwani umetoka, mnyama yupo na ana njaa. Kama limekufa, vikombe ni vitupu, kingo zake ni kali, na baada ya siku chache huota ukungu wa kijani au kahawia.

Angalia pia weupe umeanzia wapi. Kupauka kwa joto mara nyingi huanzia upande unaotazama jua na kufifia polepole. Weupe wenye mpaka mkali, hasa kuanzia chini au pembeni, ni alama ya kuliwa. Tafuta kiti cha pweza chenye miba karibu, au konokono wadogo wa Drupella waliojificha kwenye shina la matawi.

Joto likizidi kiwango cha juu cha kawaida cha majira ya joto kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi, na likadumu wiki kadhaa, linatosha kuleta kupauka. Likishuka mapema, mwani hurudi. Kwa hiyo weka alama, piga picha, rudi baada ya wiki mbili, kisha rudi tena. Na usidhani uko peke yako: Aprili 2024 ilitangazwa rasmi kwamba dunia imo katika tukio la nne la kupauka kwa miamba katika bahari zote kuu.

*Nimeona viti vya pweza vyenye miba vitatu. Nivitoe?*

Vitatu kwenye mwamba mkubwa ni wakazi halali, na hula zaidi matumbawe yanayokua haraka, hivyo yale ya polepole hupata nafasi. Tatizo ni mlipuko. Kwenye Great Barrier Reef, mwamba mkubwa wa Australia, takriban 15 kwa hekta huhesabiwa kuwa mlipuko, na mmoja mkubwa anaweza kula mita kadhaa za mraba za matumbawe kwa mwaka. Sensa yako ndiyo itakayosema kama umefika huko. Ukifika, wajulishe wenye mamlaka ya eneo, maana kuwaua kunahitaji kibali na mafunzo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha James Cook walionyesha kwamba sindano ya siki ya kawaida inawaua. Usimshike kwa mkono hata ukiwa na glavu nyembamba, miba yake ina sumu.

*Sina cheti cha kuzamia. Nina miwani na mrija tu.*

Vinatosha. Chagua kina cha mita 2 au 3, fanya hatua ya 4 na ya 7 kwanza, hizo mbili hufanyika vizuri kwa mrija, ukishuka kidogo tu kusogeza chati kwenye tumbawe. Hatua ya 6 ni ngumu kwa pumzi moja. Gawaneni watu wawili, mmoja akishuka mwingine aandike.

*Picha zangu zote zinatoka bluu. Nitajuaje rangi halisi ya tumbawe?*

Maji hunyonya mwanga mwekundu kwanza, na ndani ya mita chache tu wekundu umefifia sana. Usirekebishe rangi kwa kukisia. Shika chati karibu na tumbawe ndani ya picha hiyo hiyo. Chati na tumbawe vimeangaziwa na mwanga mmoja, basi ulinganifu unabaki wa haki.

*Kwa nini tusipande vipande vya matumbawe tu, badala ya kuhesabu kila mwaka?*

Ndugu yangu, upandaji una nafasi yake, na nawaheshimu wanaoufanya. Lakini jibu kwanza hili: yale ya awali yaliuawa na nini? Kama ni mwani kwa kukosa pono, mwani utavifunika na vipya. Kama ni joto, joto litarudi. Mwaka 2023 huko Florida wahifadhi walilazimika kuhamisha vipande kutoka vitalu vya baharini hadi matangi ya nchi kavu, maji yalikuwa ya moto kupita kiasi. Miaka miwili ya sensa kwanza. Mimi siungi mkono kupanda mahali ambapo hakuna hata mstari mmoja uliopimwa.

*Ni kweli matumbawe huzaa usiku mmoja kwa pamoja? Naweza kuhesabu?*

Ni kweli kwa spishi nyingi, ingawa si zote na si kila bahari. Watafiti waliliona jambo hili kwenye Great Barrier Reef mwanzoni mwa miaka ya 1980: usiku chache baada ya mwezi mpevu, spishi kwa spishi zikitoa mayai na mbegu kwa pamoja. Kwanza utaona kidonge cha waridi kimejaa mdomoni mwa kila polipu, kimekaa hapo kwa dakika kadhaa. Kisha kimoja kinaachia, vinafuata vingine, na vyote vinapanda juu polepole. Mwezi hutofautiana mahali na mahali, kwa hiyo anza kutazama katika miezi maji yanapopata joto, usiku wa 3 hadi wa 7 baada ya mwezi mpevu, baada ya jua kutua. Tochi iwe na mwanga mwekundu. Andika aina ya tumbawe, joto la maji, na saa na dakika ulipoona kidonge cha kwanza kikiachia.