Kikao cha kwanza na familia, Bukavu: kwa mshauri mwanafunzi na msimamizi wake

Ongeza kiti kimoja juu ya hesabu. Shangazi au baba mkubwa huja bila kutangazwa, na ukimwacha nje ya mlango ndiye atakayebomoa kazi yote kule nyumbani. Anza na mkubwa, kwa heshima, ila usimwachie zaidi ya dakika 5. Kisha chora ukoo wa vizazi 3 kwenye karatasi kubwa: mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, X ndani ni marehemu. Aliyepotea vitani usimwekee X kabla wenyewe hawajasema. Alama ya kuuliza inatosha.

Kosa la mwanafunzi karibu kila mara ni kugeuka hakimu: mama analalamikia pesa ya chakula, naye anakata kesi. Msimamizi asimsahihishe mbele ya familia. Akae nyuma, aandike maneno yaleyale yaliyosemwa, na siku hiyohiyo wachambue jibu moja tu lililoharibika: “Ulihisi nini kabla ya kujibu?”

Kukiwa na dalili za kipigo, kikao cha pamoja kinasimama. Onana na kila mmoja peke yake, mama kwanza.